Mgeni Njoo: Pointi za Ndege na Mlango wa Ushindani



Mwaka 2002 Mamlaka ya Ushindani ya Norway ilifanya jambo ambalo nchi chache zimewahi kulifanya. Ililikataza shirika la ndege la SAS kuwapa abiria wake pointi kwa safari za ndani ya nchi. Abiria wa Oslo kwenda Bergen alilipa nauli, akaketi, akahudumiwa, lakini kadi yake ya uanachama haikuongezewa kitu. Mwaka 2007 katazo likapanuliwa hadi kwa mashirika yote, nalo likadumu mpaka 2013. Mtu akisikia habari hii kwa mara ya kwanza hushangaa. Pointi ni zawadi, na serikali inawanyimaje raia wake zawadi? Jioni ya leo nataka kulijibu swali hilo, kwa sababu naamini jibu lake linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki, na kwa sababu nauli tunazotozwa zinaniuma.

Tuanzie Marekani, zilikozaliwa pointi zenyewe. Kwa miaka arobaini, hadi 1978, nchi ile ilikuwa na bodi ya serikali iliyoamua shirika gani liruke wapi na kwa nauli gani. Aliyetaka njia mpya alipiga hodi kwenye bodi na kungoja. Kwa kuwa nauli zilikuwa zimepangwa, mashirika yalishindania chakula, nafasi ya kunyoosha miguu na sare za wahudumu. Mchumi Alfred Kahn, aliyekabidhiwa uongozi wa bodi hiyo na Rais Jimmy Carter mwaka 1977, aliamini kwamba msafiri atahudumiwa vizuri zaidi mlango ukifunguliwa. Tarehe 24 Oktoba 1978 Carter akatia saini sheria ya kuufungua, na miaka michache baadaye bodi yenyewe ikavunjwa.

Wageni, yaani mashirika mapya, wakaingia. Aliyesifika kuliko wote ni People Express, iliyoanza kuruka kutoka Newark mwaka 1981. Abiria wake alilipia nauli akiwa ndani ya ndege, akalipia kahawa, akalipia na mzigo, na bado alitoka na akiba mfukoni. Mashirika makubwa yalikuwa na madeni, mishahara ya zamani na ndege zilizoruka na viti vitupu. Yangeweza kushusha nauli, na mara nyingi yalishusha, lakini kila nauli iliposhuka faida nayo ilikatika. Yalihitaji njia ya kumzuia abiria asihame bila kumpunguzia bei.

American Airlines ndiyo iliyoipata njia hiyo. Ilikuwa na kitu ambacho wageni hawakuwa nacho: SABRE, mtambo wa kompyuta wa kuhifadhia nafasi za abiria. Watu wake wakaupekua wakitafuta namba za simu zilizojirudia mara kwa mara, wakapata orodha ya wateja wanaosafiri kuliko wengine. Tarehe 1 Mei 1981 wateja hao wakaandikishwa katika mpango uitwao AAdvantage: ruka nasi, tukuhesabie maili, zikifika kiwango fulani upate tiketi ya bure. Shirika dogo la Texas International lilikuwa limekwisha kujaribu jambo la aina hiyo mwaka 1979, ila American ndiyo iliyoligeuza kuwa silaha ya soko zima. United ikajibu baada ya siku chache tu. Delta na TWA zikafuata mwaka huohuo.

Kuna kisa cha mwaka uliofuata ambacho kila mwanafunzi wa ushindani anapaswa kukijua. Februari 1982, Robert Crandall, mkuu wa American, alizungumza kwa simu na Howard Putnam, mkuu wa Braniff. Mashirika yote mawili yalikuwa na kitovu Dallas, na yalikuwa yakiumizana kwa nauli. Crandall alimpendekezea mwenzake apandishe nauli kwa asilimia 20, naye angepandisha zake asubuhi ya pili yake. Putnam alikuwa akiyarekodi mazungumzo. Kanda ikafika Wizara ya Sheria, na mwaka 1983 Crandall na shirika lake wakashtakiwa. Braniff haikudumu kuiona kesi. Ilisimamisha ndege zake Mei 1982.

Nakitaja kisa hiki kwa kuwa kinaonyesha waziwazi shirika kubwa linatamani nini, yaani abiria asilinganishe nauli yake na ya jirani. Kupatana bei na mshindani ni kosa la sheria. Kumpa abiria sababu ya kutolinganisha bei si kosa, na pointi ni sababu hiyo. Sehemu ya kile ambacho sheria ilikikataza kwenye simu ilipatikana kwa halali kupitia kadi ya uanachama.

Hebu tuone zinavyofanya kazi. Kwanza, pointi hazikui kwa mwendo sawa. Maili elfu za kwanza hazikununulii kitu. Thamani inakuja ukishavuka kizingiti: tiketi ya bure, daraja la fedha au la dhahabu, ukumbi wa mapumziko, mzigo wa ziada. Kwa hiyo aliyefika nusu ya njia ana sababu kubwa ya kubaki alipo, hata kama jirani ana nauli nafuu, maana akihama anaacha nusu aliyokwisha kuipata. Pili, pointi zina maana zaidi kwa shirika lenye njia nyingi. Mwenye safari za miji sitini anaweza kukuahidi likizo ya mbali kwa pointi ulizozikusanya kazini, lakini mgeni mwenye njia nne atakuahidi nini? Hata akitoa pointi za ukarimu namna gani, hana pa kukupeleka.

La tatu ndilo zito, na ndilo linalonikereketa. Katika safari za kazi, anayelipa tiketi si yule anayepata pointi. Tuchukulie kwamba mgeni anauza kiti kwa shilingi 180,000 na mwenyeji, yaani shirika la zamani, anauza kwa 260,000, na kwamba pointi za mwenyeji zina thamani ya shilingi 15,000 kwa anayezipata. Mtu anayejilipia mwenyewe hatasumbuka kuamua. Mtumishi anayelipiwa na ofisi atamchagua mwenyeji, apate 15,000 zake, na ofisi ipoteze 80,000. Hakuna aliyeiba, wala hakuna rushwa iliyotolewa gizani. Lakini fedha ya mwajiri imetumika kununulia mfanyakazi wake zawadi ndogo kwa bei kubwa, na mgeni aliyekuja na nauli nafuu ameondoka na viti vitupu. Zidisha jambo hilo kwa kila ofisi ya mji, na nauli nafuu haina tena uwezo wa kumvuta abiria.

Wanorway waliyajua haya kwa kuyaishi. Mwaka 1998 uwanja mpya wa Gardermoen ulifunguliwa nje ya Oslo, nafasi za kutua na kuruka zikaongezeka, na shirika jipya la Color Air likaingia sokoni kupambana na mashirika ya SAS na Braathens. Mwaka mmoja tu ukapita, na Septemba 1999 Color Air ikafa. Mwaka 2001 SAS ikainunua Braathens, na anga ya ndani ya Norway ikabaki mikononi mwa mwenyeji mmoja. Braathens ilikuwa ikilikodi shirika dogo lenye ndege za Fokker 50 kuwahudumia abiria wa pwani ya magharibi, nalo liliitwa Norwegian. Baada ya ununuzi ule mkataba wake ukakatwa. Norwegian ilikuwa na hiari ya kufunga au kupigana. Ikakodi ndege za Boeing 737, na tarehe 1 Septemba 2002 ikaanza kuruka kutoka Oslo kwenda miji mikubwa ya nchi, pamoja na Bergen, Stavanger na Trondheim, kwa nauli zilizo chini ya zile za SAS.

Hapo ndipo katazo la pointi lilipopata maana yake. Mamlaka haikuilipa Norwegian hata senti moja. Haikuipangia SAS nauli, wala haikuizuia kuruka popote. Ilichofanya ni kuondoa kitu kimoja ambacho mgeni asingeweza kukilinganisha, ili mashirika mawili yakutane mbele ya abiria yakiwa na nauli na ratiba peke yake. Sweden ilikuwa imetangulia mwaka mmoja: mwaka 2001 SAS ilizuiwa kutoa pointi kwenye njia za ndani ambazo zilikuwa na ushindani. Mimi sidai kwamba Norwegian iliishi kwa sababu ya katazo hilo peke yake. Shirika la ndege huishi kwa mafuta, marubani, mikopo na bahati ya hali ya hewa. Nasema kwamba Color Air iliingia soko lenye pointi na ikafa mapema, Norwegian ikaingia soko lisilo na pointi na ikakua, na katazo likaondolewa wakati ambapo nchi ilikuwa na mashirika mawili makubwa yanayogombea abiria. Huo ni utaratibu wa serikali wenye busara: ulikuwa na sababu, ulikuwa na mipaka, na ulikuwa na mwisho.

Mwaka uleule wa 2002 Ujerumani ilipata fundisho lake. Ilibainika kwamba wanasiasa kadhaa walitumia kwa safari zao binafsi maili walizozipata kwa tiketi zilizolipwa na umma. Gregor Gysi, aliyekuwa akisimamia uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin, akajiuzulu Julai 31. Miezi michache kabla, Bunge la Marekani lilikuwa limepita njia ya kinyume na kuwaruhusu watumishi wa serikali kuu kubaki na maili za safari za kikazi. Naona Wajerumani walikuwa na haki. Tiketi ikiwa ya umma, na kinachotokana nayo ni cha umma.

Tangu siku hizo pointi zenyewe zimebadilika, na msafiri anapaswa kujua zimebadilika kwa faida ya nani. Zamani ulihesabiwa umbali. Mwerevu aliweza kunufaika: mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California aligundua kwamba maili zilizoahidiwa kwenye vifungashio vya chakula zilikuwa na thamani kuliko chakula chenyewe, akanunua vikombe 12,150 vya vitamutamu kwa dola 3,140, akapata maili zaidi ya milioni moja. Milango ya namna hiyo imefungwa. Delta na United mwaka 2015, na American mwaka 2016, zilianza kuhesabu fedha uliyotoa badala ya umbali ulioruka. Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, ukafanya vivyo hivyo Aprili 2018. Anayeruka mbali kwa nauli nafuu sasa anapata kidogo. Anayelipiwa nauli kubwa na ofisi anapata kingi. Maana yake ni kwamba ule ubaya niliousema, wa mlipaji mmoja na mpokeaji mwingine, umeongezwa nguvu.

Jingine ni kwamba pointi zenyewe zimekuwa biashara kubwa. Mashirika ya Marekani huwauzia mabenki pointi, na mabenki huwapa wenye kadi za mkopo. Fedha ya kuzinunua hutoka kwa sehemu kwenye ada anayotozwa mwenye duka kila kadi inapotumika, na mwenye duka huiingiza katika bei ya bidhaa anayolipa kila mtu, hata anayelipa taslimu na asiyewahi kupanda ndege. Ulaya ilipoweka ukomo wa ada hiyo mwaka 2015, asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo, ilipunguza mafuta ya mashine hiyo. Marekani haikufanya hivyo. Korona ilipozifunga anga mwaka 2020, United iliweka rehani mpango wake wa MileagePlus na kupata dola bilioni 6.8. Mpango huo ulithaminiwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, zaidi ya thamani ya hisa zote za shirika lenyewe katika soko siku zile. Delta na American nazo zikaifuata njia hiyo.

Na bado, kisheria, pointi hizo si mali yako. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya rabi mmoja aliyefukuzwa katika mpango wa shirika la Northwest kwa madai kwamba analalamika mno. Majaji wote tisa walilipatia shirika ushindi. Shirika linaweza kubadili idadi ya pointi zinazohitajika kwa tiketi, kufupisha muda wa kuzitumia, au kukutoa, kwa masharti liliyoyaandika lenyewe. Benki inayoshika fedha yako haina uhuru wa namna hiyo. Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilianza kuyahoji mashirika manne makubwa, American, Delta, Southwest na United, juu ya namna yanavyopunguza thamani ya pointi. Hayo ndiyo mashirika yaliyobaki juu baada ya miungano mfululizo ya kati ya 2008 na 2013, katika soko ambalo Kahn alilifungua ili wageni waingie.

Sasa tuje kwetu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza 1946, lilivunjika 1977, na kila nchi ikabaki na lake. Tangu hapo anga zetu zimekuwa na wenyeji wachache na wageni wasiodumu. Tanzania inaikumbuka Fastjet. Tarehe 29 Novemba 2012 ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli zikianzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Watu ambao maisha yao yote walikwenda Mwanza kwa basi, siku nzima barabarani, walipanda ndege kwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa 2018 Fastjet ilikuwa imeondoka nchini. Sisemi pointi ndizo zilizoiangusha. Ilikuwa na madeni yake na matatizo yake. Nasema tuliona kwa macho yetu ukweli wa ile methali ya wazee, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni alipokuja nauli zilishuka, na aliyepona ni abiria.

Kinachonitia hofu ni kwamba soko letu lina sifa zilezile zilizoifanya Norway ichukue hatua, tena kwa kiwango kikubwa zaidi. Kaa kwenye uwanja wowote kati ya Entebbe na Dar es Salaam asubuhi ya Jumatatu uwatazame waliopanga foleni. Ni watumishi wa serikali, watu wa mabenki, wa miradi ya wafadhili, wa mashirika ya kimataifa. Wengi wao hawajalipa tiketi walizozishika. Na mipango ya pointi tunayo: Kenya Airways ni mwanachama wa muungano wa mashirika wa SkyTeam tangu 2010, Ethiopian imo katika muungano wa Star Alliance tangu 2011 na ina ShebaMiles yake, Emirates ina Skywards, Qatar ina yake. Shirika jipya la Kampala au Mwanza lenye ndege tatu haliwezi kumwahidi mtu safari ya London au Guangzhou. Soko moja la anga la Afrika lilizinduliwa Januari 2018, Kenya, Rwanda na Ethiopia zikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kulikubali. Ni jambo jema. Lakini haki ya kutua haimpi mgeni abiria, ikiwa abiria wamekwisha kufungwa na kadi.

Kwa msafiri anayejilipia nina maneno machache. Tafuta kwanza nauli na saa inayokufaa, pointi uzitazame mwisho. Ukichagua mpango, chagua mmoja katika muungano ambao ndege zake unazipanda kweli, si mitatu. Soma daraja la tiketi yako kabla ya kulipa, kwa maana nauli za chini mara nyingi hupata pointi chache au hazipati kabisa. Tunza pasi ya kupandia ndege mpaka uone pointi zimeingia. Tiketi ya zawadi nayo hutozwa kodi na ada za viwanja, na pengine ada za shirika juu yake, hivyo ihesabu kabla hujaifurahia. Ukizipata pointi zitumie. Hazizai riba, na thamani yake iko mikononi mwa aliyekupa.

Kwa waajiri, hasa serikali zetu na mashirika yanayotumia fedha za wafadhili, ombi langu ni fupi. Andikeni katika kanuni za safari kwamba tiketi inanunuliwa kwa nauli na ratiba, na kwamba pointi za tiketi ya ofisi ni za ofisi, zitumike kupunguza gharama ya safari inayofuata au zisikusanywe kabisa. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hilo. Waraka mmoja wa katibu mkuu unatosha.

Na kwa Tume ya Ushindani ya Tanzania, iliyo na Sheria ya Ushindani ya 2003 mkononi, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya yenye sheria ya 2010: mnapochunguza soko la ndege, ombeni takwimu za pointi kama mnavyoomba takwimu za nauli. Ulizeni ni sehemu gani ya abiria wa njia fulani wanalipiwa na waajiri, na wangapi kati yao wana kadi ya mwenyeji. Shirika jipya linapoingia njia ya ndani ambayo ilikuwa na mwenyeji mmoja, zizuieni pointi za njia hiyo kwa miaka michache, kwa mashirika yote, kisha pimeni. Norway ilizuia pointi kwa miaka 11, kwanza za SAS na kisha za mashirika yote, na anga yake ikapata mshindani wa pili. Abiria wa Mwanza, Kisumu na Kigoma wanastahili kufanyiwa jaribio hilohilo, na sheria za kulifanya mnazo tayari.